Madodoso yapo, SPSS hakuna: anzia hapa

Pole sana mdogo wangu. Madodoso 180 umeshakusanya Mbagala, msimamizi wa utafiti wako anataka majedwali ya SPSS (programu ya kuchambua takwimu), na bei ya leseni haishikiki.

Kwanza nenda maabara ya kompyuta ya chuo, uulize kama leseni ipo na kama inaruhusu kuwekwa kwenye kompyuta ya mwanafunzi. Wahi asubuhi.

Ile SPSS isiyo na leseni, ya kwenye flashi pale steshenari, achana nayo kabisa. Mimi niliiweka, siku ya tatu kirusi kilikuwa kimekula mafaili yote, nikaanza upya kuingiza dodoso moja moja. Inaniuma mpaka leo.

Ukikosa chuoni, pakua PSPP au JASP. Ni za bure na zinafungua faili la .sav, yaani faili la SPSS. PSPP utaizoea haraka: mstari mmoja kwa kila mhojiwa, safu moja kwa kila swali. Majaribio ya takwimu kama kai-skwea (kuona kama majibu mawili yanahusiana) na regresheni (kuona jambo moja linavyobadilika kufuatana na mengine) yamo. Ila mwombe msimamizi ridhaa kwa maandishi kwanza, na utaje programu na toleo lake kwenye sura ya mbinu.

Kama hujui utumie jaribio gani, muone mtakwimu kabla ya kuchambua chochote. Na data weka nakala sehemu mbili, tafadhali.