Kimo cha mwanangu: ni chakula au ni mifupa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na miezi minne, na urefu wake ni sentimita 75. Kliniki waliniambia amedumaa, nikampa uji wa lishe kwa miezi mingi. Akanenepa, kimo kikabaki vilevile. Sasa amepigwa eksirei na tumeambiwa ana akondroplasia, hali ya mifupa ya kuzaliwa nayo. Mama mkwe anasema ukoo wao haujapata kuzaa mbilikimo. Je, nilikosea wapi, na nikizaa tena itakuwaje? – Mama, Tanga

JIBU: Marahaba, mama. Hukukosea popote, na neno hilo la mbilikimo tuliache, kwani mtoto ana jina lake.

Mtoto aliyedumaa kwa lishe huwa mfupi kwa uwiano, yaani miguu, mikono na kiwiliwili vyote hupungua pamoja. Mwenye akondroplasia ana kiwiliwili kinachokaribia cha wenzake, lakini mikono na miguu ni mifupi, hasa sehemu ya juu ya mkono na paja, huku kichwa kikiwa kikubwa na paji la uso limejitokeza. Ndiyo maana kupima urefu peke yake, bila kumtazama mtoto alivyoumbika, hupotosha.

Mifupa mirefu hurefuka kutoka kwenye gegedu, yaani mfupa laini, lililo karibu na ncha zake, na jeni (chembe ya urithi) iitwayo FGFR3 hufanya kazi kama breki ya ukuaji huo. Mwaka 1994 watafiti waligundua kwamba katika akondroplasia jeni hiyo ina badiliko dogo linaloifanya breki ishike kupita kiasi. Mifupa ya juu ya fuvu haianzi kama gegedu, kwa hiyo kichwa huendelea kukua.

Mama mkwe wako anasema kweli kuhusu ukoo, ila hoja yake haimhukumu mtu: takriban watoto 8 kati ya 10 wenye hali hii huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida, kwa badiliko jipya ambalo hutokea zaidi baba anapokuwa na umri mkubwa. Ikiwa wewe na mumeo hamna hali hii, uwezekano wa kupata mtoto mwingine wa namna hiyo hauzidi asilimia 1. Mwanao mwenyewe, akija kuoa mwanamke asiye na hali hii, kila mtoto wao atakuwa na uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi.

Uji wa ziada uupunguze, maana unene huelemea mgongo na magoti yake. Vidonge vya kalsiamu hutibu matege yatokanayo na upungufu wa madini hayo, si hali hii. Ipo dawa ya sindano ya kila siku, vosoritide, iliyoidhinishwa Ulaya na Marekani mwaka 2021. Huongeza takriban sentimita moja na nusu kwa mwaka, lakini bei yake ni kubwa mno.

Ninalokuomba ulisimamie ni usingizi wake. Tundu la chini ya fuvu linapopitia neva za uti wa mgongo huwa jembamba kwa watoto hawa; akikoroma sana, akikatika pumzi usiku, miguu ikilegea au akipoteza alichokwisha kukiweza, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Masikio pia huambukizwa mara kwa mara, na asiyesikia vizuri huchelewa kusema, kwa hiyo omba apimwe usikivu pamoja na mzunguko wa kichwa kila mwendapo kliniki.