Likizo ya ukoo mzima Unguja: pangeni jiko na maji, mengine yaacheni

Dada uliyeleta uzi, umesema mko watu kumi na wanne, bibi ana miaka 78 na magoti yanamsumbua, watoto wadogo ni watano, wengine mnatokea Dar, wengine Mwanza, na familia ya kaka yako inatoka Uingereza. Mnataka kupumzika kweli, siyo kukimbizana na ratiba, na mnasita kati ya Nungwi na Jambiani, hoteli au nyumba ya kukodi. Wadau hapo juu wamekupa orodha nzuri ya sehemu za kutembelea. Mimi nitajibu hilo la kupumzika, maana ukoo wetu umeshakwenda Jambiani na wazee, wajukuu, mawifi na mashemeji zaidi ya mara moja, na nimeona kinacholeta utulivu na kinachouharibu.

Naanza na nyumba, na hapo sina mashaka: kodini nyumba nzima. Hoteli inawagawa. Bibi anabaki chumbani kwa sababu mgahawa uko mbali na ngazi zinamuumiza, watoto wanafukuzwa kwenye bwawa, na kila mlo mnakaa kwenye meza tatu tofauti mkisubiri bili. Nyumba ina baraza. Mzee anaamka alfajiri, anaswali au anasali, anakaa barazani na kikombe cha chai, na kuanzia hapo kila anayeamka anapita kwake kumwamkia. Siku nzima anaona nani anaingia na nani anatoka. Kwa mzee hiyo ndiyo likizo yenyewe. Bahari ni nyongeza.

Kabla ya kulipa, omba picha au video ya vitu ambavyo matangazo hayaonyeshi. Kiwepo chumba cha chini chenye choo chake kwa ajili ya bibi, choo cha kukaa, na bafu lisilo na kizingiti kirefu. Baraza liwe na kivuli mchana, siyo jioni tu. Ulizia pia maji. Visima vingi vya pwani ya mashariki, upande wa Jambiani, vina maji ya chumvichumvi. Kuogea yanafaa, lakini chai yake haipendezi, kwa hiyo maji ya kunywa na kupikia nunueni madumu tangu mjini. Umeme wa Zanzibar nao ni wa kununua kabla, wenyewe wanaita Tukuza. Kubalianeni mapema na mwenye nyumba nani ananunua, na kama kuna jenereta. Mambo haya madogo yakiachwa hewani ndiyo yanayozaa ugomvi siku ya pili.

Sasa jiko, na hapa naomba akina kaka wanaosoma uzi huu wasome vizuri. Likizo nyingi za ukoo ni likizo ya wanaume na watoto. Wanawake wamehamisha tu jiko kutoka Dar kwenda ufukweni. Wifi mdogo, kwa kuwa ndiye mgeni katika familia, anaamka wa kwanza kukanda unga na analala wa mwisho akiosha sufuria, na hakuna anayemwambia pole. Nimeliona katika ukoo wetu kabla hatujabadilisha utaratibu, na liliniuma. Kama mnapanga kupumzika, kila mtu apumzike.

Tunachofanya sasa ni kumwomba mwenye nyumba atutafutie akina mama wawili wa pale kijijini, wapike chakula cha mchana na cha jioni. Mnalipa kwa siku, bei inakubaliwa mbele ya watu wazima wa pande zote mbili, na hampunjani. Asubuhi hampiki kabisa. Mnaagiza tangu jana yake kwa majirani: vitumbua, mandazi, chapati, mbaazi za nazi. Vinaletwa vya moto, na watoto wanavimaliza kabla wazee hawajakaa vizuri. Hao akina mama wanajua kupika vitu ambavyo hata ukimlipa mpishi wa hoteli hupati: pweza wa nazi aliyeiva mpaka analainika, samaki wa kupaka, wali wa nazi wenye punje zinazoachana. Shangazi yangu ni mtu wa Pangani na si mwepesi kusifia mapishi ya mtu. Jambiani alihamishia kiti chake jikoni, siyo kupika, kupiga soga tu na wenzake mpaka adhuhuri.

Samaki msinunue mjini. Wavuvi wakirudi na ngalawa, mmoja wenu ashuke ufukweni achague: changu, tasi, pweza, na wakiwa wametoka nje ya mwamba wa matumbawe mnapata nguru au jodari. Mboga, matunda, nazi na mchele chukueni soko la Mwanakwerekwe, liko njiani mnapotoka mjini kuelekea kusini, kwa hiyo kosta yenu inasimama mara moja tu na safari inaendelea.

Kuhusu Nungwi au Jambiani, jibu linategemea maji. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, bahari haiendi mbali ikipwa. Unaogelea karibu saa yoyote. Kama mna vijana wanaotaka kuogelea asubuhi mpaka jioni na muziki usiku, huko ndiko kwao. Pwani ya mashariki, kuanzia Bwejuu na Paje mpaka Jambiani, ni habari nyingine. Mwamba uko mbali, mawimbi yanavunjikia huko, na kati yake na ufukwe kuna eneo pana la maji machache na mchanga. Maji yakipwa, bahari inaondoka kabisa. Wageni wengi wanafika saa nne asubuhi, wanaona mchanga mtupu, wanasema wamedanganywa. Hawakudanganywa, hawakuuliza mwezi.

Jambo hili nilifundishwa na shangazi huyohuyo. Tulipotaka kupanga tarehe yeye hakuuliza bei, aliuliza tu, "Hiyo siku mwezi utakuwa ngapi?" Alimaanisha tarehe ya Kiislamu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, yaani karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, kunakuwa na bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, na Unguja tofauti ya juu na chini inafika kama mita nne. Siku hizo maji yanakuwa yamejaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na yamepwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Mwezi ukiwa nusu, kama tarehe 8 hadi 10 na 23 hadi 25, ni maji mafu: bahari haijai sana wala haiendi mbali, na kujaa kwake ni katikati ya asubuhi. Kila siku saa inasogea mbele kidogo, chini ya saa moja.

Kwa familia yenye wazee na watoto wadogo, mimi nachagua bamvua bila kusita. Asubuhi mnapata uwanja usio na mwisho. Watoto wanatembea mbali sana mbele, maji yakiwafika kwenye vifundo vya miguu, wanaona kaa, kiti cha pwani (yule kiumbe mwenye umbo la nyota), samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Wavalisheni yeboyebo, kwa sababu kuna vile viumbe vyeusi vya miiba kwenye mawe, na mwiba wake ukiingia mguuni mtoto halali usiku. Saa nane hivi maji yanaanza kurudi hata mbele ya nyumba, yakiwa ya vuguvugu kwa sababu yamepita juu ya mchanga uliochomwa na jua, na kuanzia hapo mpaka magharibi kila mtu anaogelea, jua limepoa. Mama yangu ni mtu wa Songea, alikuwa hajawahi kuingia baharini maishani. Aliingia saa hiyo, ameshikwa mikono na wajukuu wawili, akakaa kwenye maji ya kiunoni na kanga yake na akakataa kutoka. Magoti yake yalipata nafuu kuliko kwa dawa yoyote ya kuchua tuliyompakia. Bibi yenu naye mjaribuni hapo hapo, saa tisa au saa kumi, maji yakiwa yametulia.

Tahadhari moja ya lazima. Maji yanaporudi hayaji kama ukuta kutoka mbele. Yanajaza kwanza sehemu za chini, na sehemu hizo zinaweza kuwa nyuma yenu, kati yenu na ufukwe. Watoto wasiende mbali bila mtu mzima, na mtu mzima huyo ajue saa ya maji kugeuka. Muulizeni mvuvi yeyote, atawaambia bila hata kutazama saa.

Asubuhi hizohizo za bamvua ndizo akina mama wa mwani wanakuwa kazini. Mtawaona mbali, wameinama kwenye mistari ya vijiti na kamba, wanafunga mbegu na kuvuna. Kilimo hiki kilianza kibiashara Paje na Jambiani mwaka 1989, na wengi wanaokifanya ni wanawake. Nyumba nyingi pale zimesimama na watoto wamesoma kwa mwani. Siku hizi maji yamekuwa ya moto zaidi na ile aina yenye bei nzuri, cottonii, inawafia, kwa hiyo wengi wamebaki na spinosum inayolipa kidogo. Wapelekeni watoto wakaone, lakini wasalimieni kwanza, msikanyage kamba, na msipige picha bila ruhusa. Ukimwomba mmoja awaonyeshe kazi, mpe kitu, maana maji hayamsubiri naye.

Matembezi nitayapitia haraka, kwa kuwa kila siku ya kosta ni siku moja ya mapumziko iliyopotea. Mbili zinatosha. Siku ya kufika, mkiwa njiani, simameni msitu wa Jozani. Kima punju wanapatikana Zanzibar peke yake duniani, wako karibu na barabara, na bibi anaweza kuwaona bila kutembea sana. Siku nyingine nendeni mjini mchana: watoto wavushwe kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa ambao asili yao ni Shelisheli, wazee wabaki mjini wapate urojo, kisha wote mkutane bustani ya Forodhani jua likizama. Mkitaka cha tatu, msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 1107 na si mbali na Jambiani. Shangazi alisimama pale muda mrefu kuliko sote. Pomboo wa Kizimkazi mimi siwashauri. Boti zinakuwa nyingi, zinawakimbiza wanyama wale, na watoto wanatapika tu.

Msimu: kaka yako kutoka Uingereza bila shaka anafungiwa na likizo ya shule, Julai na Agosti. Ni wakati wa kusi, yaani upepo wa kusini, kavu na hakuna joto kali, lakini pwani ya mashariki ina upepo, hivyo bebeni sweta la bibi kwa ajili ya barazani usiku. Desemba ni kaskazi, upepo wa kaskazini, joto na bei za juu. Masika, Machi mwishoni mpaka Mei, yaacheni. Mwezi wa Ramadhani unaweza kwenda, ila mchana hamli wala kunywa hadharani, na akina mama wa kupika wamefunga. Kwa ukoo wenye watoto wengi ni kuwatwisha wenyeji mzigo. Miezi mingine pia kumbukeni Jambiani ni kijiji chenye misikiti na watoto wa madrasa: nguo za kuogelea ziishie ufukweni, dukani mtu ajifunge kanga.

Wenye pasipoti za nje, tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima ya Zanzibar, dola 44 kwa mtu mzima, walipe mtandaoni kabla ya kusafiri. Nyinyi wa Dar bebeni vitambulisho, boti hampandi bila hivyo. Ni kama saa mbili baharini. Chukueni boti ya asubuhi, na wakati wa kusi bibi akae sehemu ya chini kuelekea nyuma, hapo mtikisiko ni mdogo. Dawa zake za presha ziwe kwenye mkoba wa mkononi, siyo kwenye sanduku lililokwenda na wapagazi. Ikitokea dharura, hospitali ya Makunduchi iko karibu, na Mnazi Mmoja ipo mjini.

La mwisho ni michango. Mtu mmoja akusanye, mmoja tofauti atumie, na hesabu iwekwe kwenye kundi la familia kila jioni. Asiye na uwezo mwaka huu achangie kidogo, na kiasi chake kisitajwe mbele ya watoto wake.

Ukishapata tarehe za likizo ya watoto wa kaka yako ziweke hapa, nitakuangalizia mwezi utakuwa ngapi kabla hujalipia nyumba.