Windows 10 imefika mwisho: nihame ao nibaki?

SWALI. Jambo Yaya. Niko na sekretaria kidogo huku Katuba, nachapaka TFC (travail de fin de cycle) na memuari za banafunzi, kopi, barua za kuomba kazi, bintu kama bile. Mashini ziko mbili. Portable yangu, ile narudiaka nayo ku nyumba, prosesa ni i5-6300U, RAM giga 8, diski SSD (ile ya mbio, haizunguke). Ya pili ni fixi ya zamani, i3 ya jenerasyo ya ine, RAM 4. Zote ni Windows 10. Tangu mwaka jana portable inaniletea maneno ku ekra eti Windows 10 imeisha. Teknisie mumoja anasema atanitilia Windows 11 kwa nguvu, dola 20 kila mashini, na itatembea tu. Mwengine anasema uza yote, nunua mupya. Franga ya mupya sina. Nifanye namna gani?
*Mama wa sekretaria, Katuba*

JIBU. Mama, kwanza tulia. Mashini yako haikufa tarehe 14 Oktoba 2025. Siku ile Microsoft iliacha tu kutuma marekebisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, ile waliyotoaka 2015, basi. Inawaka, Word inafunguka, impirimante inachapa kama jana.

Shida iko hivi. Kila mwezi watu wanavumbua matundu mapya ndani ya Windows, na zamani tundu likijulikana lilikuwa linazibwa, Jumanne ya pili ya mwezi njo siku yao, sasa kwa Windows 10 linabaki wazi. Tena kuna kitu watu hawakifikirieke: 10 na 11 ndani yake sehemu nyingi ni zilezile, kwa hiyo Microsoft ikiziba tundu ku 11, wezi wanafungua lile rekebisho, wanaangalia ni nini kilibadilishwa, na hapo wanajua pa kupiga ku 10. Kwa hiyo mashini isiyopata marekebisho haibaki palepale, kila mwezi inazidi kuwa rahisi kuingiliwa. Mu 2017 tuliona WannaCry: Microsoft ilikuwa imeshatoa rekebisho mwezi wa tatu, mwezi wa tano ile kirusi ikapita mashini zaidi ya 200,000 mu nchi karibu 150, ikafunga mafaili na kuomba pesa, mpaka hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Na haikuhitaji mtu abonyeze kitu, ilikuwa inaruka yenyewe mashini kwa mashini. Wengi walioumia ni wale ambao rekebisho lilikuwepo lakini hawakulitia.

Sasa tuje ku teknisie wa dola 20. Ni kweli Windows 11 inaweza kuingia kwa nguvu, hakudanganyi hapo. Lakini Windows 11 inaomba prosesa ya jenerasyo ya 8 kwenda juu kwa upande wa Intel, inaomba TPM 2.0 (chip ya kutunza vifunguo vya siri), inaomba Secure Boot (ulinzi wa wakati mashini inawaka), RAM 4 na diski giga 64. Yako ni ya 6 na ya 4. Ukiipitisha kwa mlango wa nyuma, Microsoft yenyewe inasema mashini ya namna ile haina haki ya kupata marekebisho. Kila mwezi huwa yanakuja tu, siwezi kukudanganya kwamba hayakuji, lakini lile toleo kubwa la kila mwaka halijileti lenyewe, utamuita tena teknisie na dola 20 zingine. Kwa hiyo unalipa kwa kukimbia kukosa marekebisho halafu unaingia mahali ambapo marekebisho hayana ahadi! Mimi naona hiyo ni biashara nzuri kwa teknisie. Na hata kabla ya hayo yote muulize swali moja tu, hiyo Windows anaitoa wapi. Kama ni ile ya ku flashi yake, ya kukrakiwa, iliyopita mikono ya watu hujui, bora ubaki na 10 yako.

Kuna njia ambayo hao wawili hawakukuambia. Microsoft imeweka mpango wa kuendelea kupata marekebisho ya usalama ya Windows 10 mpaka tarehe 13 Oktoba 2026, kwa mashini za mtu binafsi. Kuna njia tatu za kuingia: ulipe dola 30, ao utoe pointi 1,000 za Microsoft Rewards (zawadi Microsoft inatoa ukitumia vitu vyake), ao bila kulipa kitu, ukikubali tu kuhifadhi mipangilio ya mashini ku akaunti yako ya Microsoft. Leseni moja inaingia mpaka mashini 10 za akaunti ileile, kwa hiyo portable na fixi zote mbili zinapita. Makampuni wao wako na bei yao, dola 61 kwa mashini moja mwaka wa kwanza na inaongezeka mara mbili kila mwaka, ile usiiguse. Kwanza andika «winver» ku menyu, ikikuonyesha 22H2 (toleo la mwisho la Windows 10) uko sawa, kama sivyo piga mise à jour mpaka ufike hapo. Kisha ingia ku Paramètres, upande wa Windows Update, hapo njo neno la kujiandikisha linatokeaka. Hata kama umechelewa, unaingia leo na unapewa yaliyopita yote.

Lakini Mama, nikuambie ukweli, ku sekretaria hatari yako kubwa haitoki intaneti, inatoka ku flashi za banafunzi. Ile ya mafaili yote kugeuka raccourci unaijua vizuri kuniliko mimi. Hapo Windows 11 haikusaidii kitu peke yake. Defender, antivirus ya ku Windows 10, itaendelea kupewa majina ya virusi vipya mpaka Oktoba 2028, kwa hiyo iache iwake, usikubali mtu aizime eti inafanya mashini nzito. Na fungua sesyo ya pili isiyo na ruhusa za administrateur, kazi ya kila siku ifanyike mule, ile yako yenye akaunti ya Microsoft mwanafunzi asiiguse. Hii haigharimu hata franga moja na inazuia ubaya mwingi kupita ile dola 20.

Oktoba 2026 ikifika, fixi itoe ku intaneti kabisa, ibaki ya kuchapa na kuprinti. Ao uitie Linux Mint, mfumo mwingine mahali pa Windows, ni ya bure, iko mu Kifaransa, haili RAM sana. Tena unaweza kuijaribu kutoka ku flashi bila kugusa Windows, uone kama inaitambua impirimante na skana yako, maana hapo njo inakwamaka. Onyo moja: memuari ya kurasa 80 iliyoandikwa mu Word ukiifungua mu LibreOffice, ile programu ya kuandika ya ku Mint, meza zinaweza kusogea na namba za kurasa za table des matières zikaenda mahali pengine, na mwanafunzi anayedefanda kesho hatakuelewa. Kwa hiyo Mint iwe ya skani na intaneti, kuchapa kubaki ku Word.

Portable njo ya kuwekea akiba. Ukienda mjini kununua okazioni soma namba baada ya kistari: i5-6300 ni ya 6, i5-8250 ni ya 8, i5-10210 ni ya 10. Muuzaji atakuambia «i7 Maman, i7 hii!» lakini i7 ya jenerasyo ya 4 kwa jambo hili iko nyuma ya i3 ya jenerasyo ya 8. Usilipe kabla hujaona ile namba kwa macho yako.

SWALI. Niko mwanafunzi, nakaa ku home (nyumba za banafunzi) ya Kasapa. Mashini yangu ni i5-8250U, RAM 8, SSD. Ile programu ya Microsoft ya kupima inaniandikia kama mashini haina Secure Boot. Fundi anasema nibadilishe carte mère. Kisha mega za kuvuta Windows 11 nitazitoa wapi?

JIBU. Mdogo wangu, usibadilishe carte mère! Mashini ya jenerasyo ya 8 karibu yote iko na Secure Boot, yako imezimwa tu mu BIOS (mipangilio ya mashini inayowaka mbele ya Windows), mara nyingi kwa sababu aliyekutilia Windows aliiweka kwa mtindo wa zamani unaoitwa Legacy. Windows inakuja na programu ndogo, mbr2gpt, inageuza diski bila kufuta kitu, kisha unaingia mu BIOS unaweka UEFI, mtindo mpya, na unawasha Secure Boot. Ukigeuza BIOS kabla ya diski, mashini itakataa kuwaka, fuata huo mpango. Na kabla ya yote kopi TFC yako ku flashi na uangalie kama BitLocker (kufuli ya diski) inatumika, maana ukigusa BIOS inaweza kukuomba kile kifunguo cha namba 48, na kama hukukiandika mahali hakuna fundi wa kukufungulia.

Mega: faili ya Windows 11 inapita giga 5, usiivute kwa forfait ya simu. Tafuta mwenye fibre, vuta ISO (njo lile faili) ku tovuti ya Microsoft, iweke ku flashi ya giga 16, na wenzako wa home watumie ileile. Batri ijae na uanze saa ambayo umeme umezoea kuwepo, delestaji ikikukuta katikati na batri imekufa utalia. Ukiisha, rudi mu Wi-Fi yako uchague «connexion limitée» ili isikule mega usiku. Isipokupendeza, uko na siku 10 za kurudi ku Windows 10, usifute lile dosye la Windows.old kabla ya hapo.

SWALI. Mashini yangu inafaa Windows 11 lakini RAM ni 4 na diski ni ile ya kuzunguka. Nihame? *Msomaji, Kamalondo*

JIBU. Si leo. Nunua SSD kwanza, RAM ifike 8 kama kuna nafasi ya kuongeza, kisha hama. Ukihama hivyo hivyo utakuwa unawasha mashini na unaenda kupika bukari.