Calvin Johnson: hakufukuzwa, aliondoka mwenyewe

Ndugu, unasema Detroit Lions walimfukuza Calvin Johnson, mdakaji wao wa pasi kwenye futiboli ya Marekani (NFL). Hapana, hawakumtema. Aliondoka mwenyewe Machi 2016, akiwa na miaka 30 tu, na msimu uliotangulia alikuwa bado amevuka yadi 1,200 za kudaka pasi. Mwili ulichoka: vidole, magoti, vifundo vya miguu. Na timu yenyewe ilikuwa ya kukatisha tamaa. Mwaka wake wa pili, 2008, Detroit walipoteza mechi zote 16! Miaka tisa pale, hakushinda hata mechi moja ya mtoano.

Rekodi yake maarufu ni ya 2012: yadi 1,964 za kudaka pasi kwa msimu mmoja, akimpita Jerry Rice aliyeishikilia kabla yake. Ajabu ni kwamba mwaka huo alifunga tachidauni (kufikisha mpira eneo la kufungia) 5 tu.

Halafu kuna ile mechi dhidi ya Chicago 2010. Kadaka mpira eneo la kufungia, kaanguka, wakati anainuka akauacha chini, waamuzi wakakataa. Mimi mpaka leo nahesabu ile ni tachidauni.

Alipostaafu, klabu ilimdai arudishe sehemu ya pesa za usajili, wakakosana kwa miaka. Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Mashujaa wa mchezo huo, ulioko mji wa Canton, Ohio, 2021, mara ya kwanza kupigiwa kura.