Swali la Lugha: "Asiyejiweza" Hawezi Nini?

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Newala. Binti yangu wa darasa la sita aliandika kwenye insha yake: "Babu yangu ni kilema lakini anabangua korosho kuliko watu wote nyumbani." Babu yake alikatwa mguu zamani. Mwalimu amelikata neno "kilema" kwa kalamu nyekundu, juu yake akaandika "mtu asiyejiweza". Neno sahihi ni lipi: kilema, mlemavu, au hilo la mwalimu?

Marahaba, mama. Mwalimu ameona vyema kwamba "kilema" huuma, ila dawa aliyoitia inaunguza kuliko kidonda.

Kilema na mlemavu ni ndugu wa tumbo moja, yote yametoka kwenye kitenzi lemaa. Kilema hutaja kasoro yenyewe, hutaja pia mwenye nayo. Wazee husema "ana kilema cha mguu" bila nia ya kumvunjia mtu heshima. Leo limekuwa la kuzomeana vijiweni, kwa hiyo simlazimishi mtu kulibeba. Lakini siwakubalii wanaosema ubaya wake uko kwenye ki-, eti kiambishi hicho kinamgeuza mtu kitu. Je, kijana? Kiongozi? Kinyozi? Na viziwi wenyewe wamekiita chama chao Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Mlemavu halina kosa la sarufi. Hata hivyo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 imesema "mtu mwenye ulemavu", mtu akatangulia na ulemavu ukafuata, nami naandika hivyo.

Hapo swali lako limejibiwa. Lililobaki ni hilo neno jekundu, ambalo nimelisikia misikitini, makanisani, redioni na kwenye mikutano ya hadhara tangu Lindi hadi Nanyumbu, na kila nikilisikia moyo unanichafuka.

Kujiweza ni nini? Mgonjwa aliyelala kitandani, anayegeuzwa ubavu na kulishwa uji kwa kijiko, huyo hajiwezi. Mtu aliyekosa kipato hata nyumba yake ikalala njaa, naye tunasema hajiwezi, kama tunavyosema tajiri anajiweza. Neno lina kazi zake mbili na linazifanya vizuri. Sasa tumrudie babu. Kila aliyekulia kwetu kusini anajua kubangua korosho si kazi ya mzaha: unazikaanga kwenye bati hadi maganda yashike moto, unazizima kwa mchanga, unajipaka majivu viganjani kwa sababu mafuta ya ganda yanababua ngozi, kisha unagonga moja moja kwa kipimo, maana ukizidisha nguvu punje inapasuka na bei inashuka. Babu anawashinda wote nyumbani kwa kazi hiyo. Huyo ndiye asiyejiweza?

Nina fundi wangu wa nguo pale Chikongola, Mtwara mjini. Polio ilimchukua miguu yote akiwa mtoto. Cherehani yake ni ya mkono: mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na mshono wake unanyooka kama uzi wa maji. Kwa sare za shule amesomesha watoto wanne. Mwaka jana tulialikwa kwenye hafla moja, yeye na mimi. Ukumbi una ngazi tatu mlangoni na hauna njia ya mteremko, kwa hiyo vijana wanne walimnyanyua pamoja na baiskeli yake ya matairi matatu. Mshereheshaji akashika kipaza sauti: "Tuwapigie makofi ndugu zetu wasiojiweza!" Suruali aliyovaa mshereheshaji ilishonwa na fundi yuleyule. Fundi akaniinamia, akasema, "Ana nyingine kwangu. Kesho akija ataikuta asiyejiweza ameshaikunja upindo."

Angalia neno lilivyofanya pale. Aliyejenga ukumbi wenye ngazi tatu hakutajwa. Lawama yote imetoka kwenye saruji ikamwangukia mtu, na watu wakapiga makofi.

Neno hili lina umri, na lina sera nyuma yake. Umoja wa Mataifa uliufanya mwaka 1981 kuwa mwaka wa kimataifa wa walemavu. Mwaka uliofuata nchi yetu ikatunga sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo. Sheria ya ajira tumeisahau, fikra ya matunzo ndiyo iliyokaa vichwani: mlemavu ni wa kutunzwa. Sheria ya 2010 ilipozifuta zote mbili, ilimtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Halmashauri nazo zimeagizwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 2 ya mapato hayo ni ya watu wenye ulemavu. Mkopo, mama, si sadaka. Hurejeshwa. Mtu akiingia ofisini na barua inayomwita "asiyejiweza", afisa atamkopeshaje? Atamwajirije? Neno limeshamnyima kabla hajafungua kinywa.

"Mahitaji maalumu" nayo siipendi sana, ila haimuibii mtu kazi yake, kwa hiyo naivumilia.

Mwambie binti yako aandike: "Babu yangu ana ulemavu wa mguu, na anabangua korosho kuliko watu wote nyumbani." Umeona nilichobadilisha? Kalamu nyekundu ilikosea shabaha. Ilipaswa kukata "lakini". Korosho hubanguliwa kwa mikono.