Kwa Afisa Mpya wa Watoto: Kusoma Takwimu za Dhuluma, Malezi ya Kambo na Kuasili Nchini Kenya

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya uafisa wa watoto, katika juma la kwanza mtapewa meza, nywila ya mfumo wa taarifa za ulinzi wa watoto na rundo la majalada yaliyoachwa na waliowatangulia, na kabla mwezi haujaisha mtatakiwa kuandika ripoti inayoeleza kama kesi zimepanda au zimeshuka. Nimeifanya kazi hii kwa miaka mingi katika kaunti ndogo za Pwani, na jambo nililochelewa kulielewa kuliko yote ni kwamba takwimu za ofisi zetu hutueleza kwanza habari za watu wazima, yaani nani aliona, nani alisema na nani aliandika, kabla hazijatueleza lolote kuhusu watoto. Afisa asiyelijua hilo atawapotosha wakubwa wake kwa nia njema, na atakayeumia ni mtoto.

Katika mwaka wangu wa pili kazini niliandika kwamba kesi za watoto kupigwa na kutotunzwa zilikuwa zimepungua kwa karibu nusu mwezi wa Aprili, na nafuu hiyo nikaihusisha na mikutano tuliyokuwa tumeifanya kwenye mabaraza ya machifu. Msimamizi wangu, mama aliyekuwa na desturi ya kusoma kila ripoti akiwa na kalamu mkononi, alipiga mstari chini ya neno Aprili akaniuliza, "Mwanangu, Aprili shule zilikuwa wazi?" Zilikuwa zimefungwa kwa likizo. Nilirudi kwenye majalada nikayafungua moja baada ya jingine, nikakuta kwamba taarifa nyingi za Februari na Machi zilitoka kwa walimu: mwalimu aliyeona alama za mshipi kwenye mapaja ya mtoto siku ya michezo, mwalimu aliyegundua kwamba mtoto fulani husinzia kila Jumatatu kwa sababu tangu Jumamosi hajala mlo kamili. Walimu walipokwenda likizo, macho yetu nayo yalikwenda likizo. Mwaka 2020 nchi nzima ilipitia Aprili ndefu ya namna hiyo, kwani shule zilifungwa katikati ya Machi na wanafunzi wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Atakayezisoma takwimu za miaka hiyo bila kulikumbuka jambo hilo atapata picha ambayo haikuwapo.

Msitu wa Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ulitufundisha somo hilohilo kwa uchungu ambao hakuna afisa wa Pwani atakayeusahau. Kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa huko miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwahimiza wafunge hadi kufa, mingi ikiwa ya watoto, na miongoni mwa waliokuwa wamehamia msituni walikuwamo wazazi waliowatoa watoto wao shuleni kwa kufuata mafundisho yaliyoipinga elimu. Mtoto aliyetolewa shuleni na kupelekwa mahali pasipo na jirani wala zahanati hafungui jalada lolote, na katika kumbukumbu zetu huonekana sawa na mtoto asiye na shida. Ndiyo maana nawasihi kila muhula uanzapo mwende kwa walimu wakuu na kuomba majina ya watoto ambao hawakurudi, kisha mpite na orodha hiyo kwa wazee wa vijiji na kuuliza kila mmoja yuko wapi. Kazi hiyo haina safu yake katika mfumo, wala hamtaulizwa juu yake katika ripoti. Ifanyeni.

Tofautisheni mapema hesabu ya kesi zilizoripotiwa na matokeo ya utafiti. Kenya imefanya utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto mara mbili, mwaka 2010 na mwaka 2019, na vipimo vyake vikuu vinatokana na vijana wa miaka 18 hadi 24 walioulizwa yaliyowapata kabla ya kufikisha miaka 18. Mwaka 2010 takriban asilimia 32 ya wanawake na asilimia 18 ya wanaume katika rika hilo walisema walitendewa ukatili wa kingono utotoni. Mwaka 2019 kiwango hicho kilikuwa karibu asilimia 16 kwa wanawake na asilimia 6 kwa wanaume. Ukatili wa kimwili ulishuka kutoka takriban asilimia 66 hadi 39 kwa wanawake, na kutoka 73 hadi 52 kwa wanaume. Sasa, ikiwa katika miaka hiyohiyo majalada ya kituo chenu yaliongezeka, hakuna mgongano wowote hapo, kwa sababu kati ya hizo tafiti mbili watu walizidi kuizoea simu ya msaada ya 116, ambayo mtoto huipiga bila malipo usiku na mchana, na madawati ya jinsia yalizidi kufunguliwa katika vituo vya polisi. Kesi zinazoongezeka zaweza kuwa dalili ya watu kuanza kusema yale waliyokuwa wakiyamezea. Utafiti nao una mipaka yake, maana kijana anayehojiwa nyumbani kwao huenda akanyamazia lililo zito kuliko yote. Lakini unamfikia hata yule ambaye hajawahi kukanyaga ofisi yetu, nasi hatumfikii.

Kundi litakalowasumbua kuliko mengine ni la watoto wasiotunzwa. Ndilo linalobeba kesi nyingi katika kumbukumbu zetu, na ndani yake mmechanganywa mambo ambayo hayafanani hata kidogo. Baba aliyekwenda kufanya kazi mjini akaacha kutuma matumizi, huku Katiba ya 2010 katika kifungu cha 53 ikimwekea jukumu sawa na la mama, awe alimwoa au hakumwoa, huandikwa humo. Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza mahamri na kumwachia binti wa miaka minane mdogo wake wa miaka miwili huandikwa humo. Na mzazi anayemfungia mtoto mwenye ulemavu ndani mchana kutwa naye huandikwa humo. Wa kwanza anahitaji amri ya matunzo kutoka mahakamani, wa pili anahitaji mtu wa kumwangalizia watoto, na wa tatu anahitaji hatua za haraka, pengine za polisi.

Nilipata kutumwa kwenye nyumba moja kwa taarifa ya jirani kwamba watoto watatu walikuwa wametelekezwa. Nilifika saa tano asubuhi. Sufuria ilikuwa imefunikwa mekoni, moto umezimika, na kwenye mkebe palikuwa na unga usiozidi vibaba viwili. Afisa mwenye haraka angekwisha kupata ripoti yake. Lakini nyuma ya nyumba, kwenye kamba ya kuanikia, zilining'inia sare mbili za shule zilizofuliwa usiku uliopita, na kola ya mojawapo ilikuwa imeshonwa upya kwa uzi wa rangi nyingine, mishono midogo ya mtu aliyeketi chini ya mwanga hafifu akafanya kazi kwa uangalifu. Mama huyo hakuwa amewatelekeza watoto wake. Alikuwa maskini, na tangu usiku wa manane alikuwa akisubiri mashua za wavuvi ili apate samaki wa kuchuuza. Andikeni mlichokiona kabla hamjaandika jina la kosa, kwa sababu hakimu atakayelisoma jalada hatafika pale kwenye kamba, na neno moja mtakalochagua kwenye orodha ya mfumo laweza kuwapeleka watoto watatu kwenye makao ya watoto.

Kuhusu makao, Mkakati wa Kitaifa wa Mageuzi ya Malezi wa 2022 hadi 2032 ulizinduliwa wakati zaidi ya watoto 40,000 wakiishi katika taasisi za malezi nchini, na lengo lake ni kuwarejesha watoto katika familia na jamii, kuziimarisha familia zisivunjike na kuibadili kazi ya taasisi zenyewe. Nakubaliana nao kwa moyo wote, ingawa sikuanza hivyo. Zamani niliamini kwamba kitanda safi na milo mitatu vilitosha. Kilichonigeuza ni mvulana wa miaka saba niliyemkuta katika makao moja, jalada lake likisema ni yatima. Nilipouliza nani alithibitisha kifo cha wazazi, niliambiwa kwamba aliletwa na msamaria usiku na ndivyo ilivyoandikwa siku ile. Mtoto mwenyewe alikuwa akitaja jina la mbuyu na la shule moja ya msingi, na hakuna aliyekuwa ameyaandika. Nyanya yake mzaa mama tulimpata umbali wa kilomita zisizofika arobaini. Kwa miaka mitatu nyanya huyo alikuwa ameamini kwamba mjukuu wake alichukuliwa na upande wa baba. Neno yatima katika jalada lisipofuatwa na cheti cha kifo au ushahidi wa jamaa, lichukulieni kuwa ni swali ambalo bado halijajibiwa.

Malezi ya kambo yanayopitia ofisini kwetu ni machache, na yasomwe kwa uangalifu, kwani watoto wengi wasiolelewa na wazazi wao hulelewa na nyanya, mashangazi na wajomba bila karatasi yoyote. Jina lenyewe limetuletea tabu: mtu wa Pwani akisikia kambo humfikiria baba wa kambo au mama wa kambo na visa vyote vya hadithi za utotoni, na nimeona wanandoa wema wakirudi nyuma kwa sababu ya neno hilo tu. Wafafanulieni kwamba ni malezi ya muda, chini ya usimamizi wa afisa, huku familia ya mtoto ikitafutwa au ikisaidiwa kusimama. Na nyanya mlezi naye msimwache nje ya hesabu kwa kuwa hakuomba kibali. Msaidieni kujiandikisha kwa fedha za serikali za kaya zenye mayatima na watoto walio katika mazingira magumu, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya. Ni kidogo, lakini nimeona zikizuia mtoto asihamishwe. Msiamini pia kwamba kila jamaa ni salama, kwani nimekuta mtoto akiitwa mtoto wa ndugu huku ndiye anayeteka maji na kuosha vyombo wakati binamu zake wakiwa shuleni. Fikeni bila taarifa, nyakati za jioni, na muangalie nani anakula mwisho.

Sheria ya Watoto ya 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ilitufungulia Pwani mlango muhimu kwa kuitambua kafala, ambapo Mwislamu humchukua mtoto aliyekosa malezi ya wazazi na kumlea kama wake bila kumkatia nasaba. Mtoto hubaki na jina la baba yake. Hamrithi mlezi kama mwana wa kuzaa, ingawa mlezi anaweza kumwachia wasia usiozidi thuluthi ya mali. Kabla ya hapo familia nyingi zilituepuka kwa kuwa tulikuja na habari za kuasili, yaani kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako kisheria, jambo ambalo dini yao haiwaruhusu kwa namna inayobadili ukoo, na hivyo watoto wao hawakuonekana katika takwimu zetu. Mkiona hesabu ya kafala ikipanda katika kaunti zetu, kumbukeni kwamba wengi wa watoto hao walikwisha kulelewa hivyo tangu zamani, na kilichoongezeka ni karatasi.

Kuasili kuna mpaka wake katika takwimu, nao ni Novemba 2014, serikali iliposimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na raia wa nchi za nje, kwa sababu ya hofu ya biashara ya watoto na karatasi za kughushi. Anayelinganisha miaka ya kabla na ya baada ya hapo bila kuwatenga waombaji wa nje analinganisha vitu viwili tofauti, na hawezi kudai kwamba Wakenya wamepoteza moyo wa kuasili. Wapo pia wanaomchukua kichanga kimyakimya na kumwandikisha kama wa kuzaa kwa kuogopa maneno ya watu. Hao hawahesabiwi popote, na mtoto hubaki bila ulinzi siku wazazi hao wanapofariki na ndugu wakaja kudai nyumba.

Kwa wanaofuata njia ya sheria, mtoto huwa amepita umri wa wiki sita na ametangazwa na shirika lililosajiliwa kuwa yuko huru kuasiliwa, mwombaji kwa kawaida huwa na miaka 25 au zaidi na humzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, mtoto hukaa naye miezi mitatu mfululizo, na amri hutolewa na Mahakama Kuu. Kwa mtoto aliyeokotwa, polisi hutoa barua ya mwisho baada ya miezi sita ya kuwatafuta wazazi bila mafanikio, na barua hiyo ndiyo inayokwama mara nyingi kuliko hati nyingine zote. Andikeni tarehe ya miezi sita kwenye jalada la mtoto siku ileile anapopokewa, kisha mwende kituoni wenyewe siku hiyo ikifika, maana nimeona kichanga akifikisha miaka minne katika makao kwa sababu kila ofisi ilidhani barua iko kwa mwenzake.

Yule mvulana wa mbuyu, mfumo ulimhesabu kuwa ameunganishwa na familia mwezi uleule tuliompeleka kwa nyanya yake. Mwezi wa nne baada ya hapo alitoroka akarudi makao kwa miguu, kwa sababu kule alikuwa amezoea kula mchana, na mfumo ukamhesabu tena kama mtoto mpya aliyepokewa. Tulimrudisha, tukazungumza na mwalimu mkuu ili awe akipata chakula cha mchana shuleni, tukamsaidia nyanya kujiandikisha, na sasa ni mwaka na miezi miwili tangu alale mara ya mwisho nje ya nyumba ile. Sijalifunga jalada lake, na ziara inayofuata imeandikwa Alhamisi ya juma la tatu, baada ya saa za shule.