Chanjo Nyingi Huharibikia Bandani: Ushauri kwa Mfugaji wa Kuku wa Biashara

Wafugaji wa kuku wa biashara wanaoniomba ushauri huanza karibu wote kwa swali moja: chanjo ipi ni bora? Kundi lililochanjwa linaposhambuliwa na kideri (ugonjwa wa Newcastle), lawama ya kwanza huangukia chanjo yenyewe, kwamba ilikuwa bandia au ilikuwa imepitwa na muda. Wakati mwingine ndivyo ilivyo. Hata hivyo, katika miaka yangu ya kufuga kuku wa mayai na kuwasaidia wafugaji wenzangu, nimeona mara nyingi zaidi chanjo ikifika shambani ikiwa nzima, kisha ikaharibika mikononi mwa watu wenye nia njema kabla haijamfikia kuku. Kwa hiyo mimi humrudishia mwulizaji maswali yangu: umeihifadhije, umeichanganya na maji gani, na kuku wangapi wameipata kweli?

Maswali hayo yana uzito kwa sababu kideri, gumboro (inayoharibu kinga ya vifaranga), ndui ya kuku na mareksi (inayoleta uvimbe na kupooza) husababishwa na virusi, na hakuna dawa inayoyatibu. Antibayotiki atakazopewa kuku mgonjwa huweza kuzuia bakteria wanaonyemelea baada yake, lakini kirusi chenyewe hakiguswi. Chanjo nyingi tunazotumia ni virusi hai vilivyodhoofishwa, na kinga hupatikana pale tu vinapoingia mwilini vikiwa bado hai. Joto huviua, jua huviua, klorini huviua, na mabaki ya sabuni kwenye chombo huviua pia. Ndiyo maana chanjo nyingi hukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi tangu kiwandani hadi bandani, na ndiyo maana humwambia mfugaji aende dukani na boksi lake lenye barafu badala ya kuitia chupa mfukoni. Zile za mafuta, zenye virusi vilivyouawa, zina tahadhari yake: zikiganda huharibika, kwa hiyo zisiwekwe kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu wala zisigusane moja kwa moja na barafu.

Kuchanja kwa maji ya kunywa ndiyo njia rahisi kwa kundi kubwa, na ndiyo njia inayoharibiwa zaidi. Maandalizi huanza siku mbili kabla, kwa kuacha kutia klorini au dawa yoyote ya kuua vijidudu kwenye maji, na hairudishwi mpaka siku nzima ipite baada ya chanjo. Vyombo vya kunywea visuguliwe kwa maji matupu. Maji yakiwa ya bomba, ambayo kwa kawaida yana klorini, yeyusha ndani yake maziwa ya unga yasiyo na mafuta, takriban gramu 2.5 kwa kila lita, kisha usubiri dakika 20 hadi 30 kabla ya kutia chanjo. Huo muda wa kusubiri ndio ambao watu huuruka, ilhali ndio unaoyapa maziwa nafasi ya kuizima klorini. Tumia ndoo ya plastiki, si ya chuma, na ufungue kichupa kikiwa kimezamishwa ndani ya maji, ili chanjo ichanganyike bila kutimka hewani.

Kiasi cha maji nacho kina hesabu yake. Kipimo kinachotumiwa sana ni lita moja kwa kila kuku 1,000 kwa kila siku ya umri, yaani kuku 1,000 wenye umri wa siku 14 wapewe lita 14, na kwa kuku wakubwa kipimo hicho hukomea takriban lita 40. Mimi hupendelea kupima bandani siku moja kabla, saa ile ile nitakayochanjia, nione kundi linakunywa kiasi gani kwa saa mbili, kwa kuwa joto hubadilisha mambo sana. Siku yenyewe kuku wanyimwe maji kwa saa moja hadi mbili, na kukiwa na joto kali muda huo upunguzwe. Kazi ifanyike alfajiri. Maji yenye chanjo yakiisha chini ya saa moja, ujue wenye nguvu wamekunywa na wanyonge wamekosa. Yakizidi saa mbili, virusi vimeanza kufa. Vyombo viwe vya kutosha kiasi kwamba angalau theluthi mbili ya kundi wanaweza kunywa kwa pamoja, na mtu apite polepole katikati yao ili waliolala pembeni wainuke.

Nani amekunywa? Hapo ndipo ninapopenda rangi ya buluu ya kuchanganyia chanjo, ile inayouzwa kwa kazi hiyo. Baada ya kuku kunywa, kamata wachache kutoka kila pembe ya banda, fungua midomo yao na utazame ulimi, halafu nyonyoa manyoya machache juu ya gole, ule mfuko wa chakula chini ya shingo, uone kama buluu imefika hapo. Ulimi wenye buluu hauhitaji maelezo. Ukikuta upande mmoja wa banda ndimi nyingi ni nyeupe, umepata jibu mapema, wakati bado unaweza kuwarudia, badala ya kulipata wiki kadhaa baadaye kwa kuhesabu mizoga.

Kwa makundi madogo, na hasa kwa kideri, tone la jicho lina uhakika zaidi kwa sababu kila kuku hupita mkononi. Usimwachie kuku mara tu tone linapodondoka. Mshike mpaka apepese jicho na tone lizame. Anayechanja avae miwani ya kinga na anawe mikono, maana virusi vya chanjo hai ya kideri vikimwingia mtu jichoni huweza kulifanya liwe jekundu na kuuma kwa siku kadhaa.

Gumboro inataka mjadala wake, kwa sababu shida yake iko katika kuchagua siku. Ugonjwa huu, uliotambuliwa Marekani mwaka 1962, hushambulia tezi iliyo karibu na njia ya haja ya kifaranga, mahali panapokomaa askari wa kinga yake, na wenye umri wa wiki 3 hadi 6 ndio huathirika zaidi. Aliyeupata akapona hubaki na kinga dhaifu, hata chanjo zake nyingine zisishike vizuri. Kwa upande mwingine, kifaranga huanguliwa akiwa na kingamwili, yaani protini za kupambana na virusi, alizorithi kwa mama yake, na hizo haziwezi kutofautisha kirusi cha chanjo na kirusi cha ugonjwa. Ukichanja mapema mno, kingamwili za mama huimeza chanjo. Ukichelewa, zinakwisha na kifaranga anabaki bila ulinzi. Ndiyo sababu ratiba nyingi huweka gumboro karibu na siku ya 14 na kurudia siku ya 28 au kabla yake, huku kideri kikichanjwa karibu na siku ya 7 na kurudiwa siku ya 21. Ichukue ratiba hiyo kama mwanzo tu. Waulize waliokuuzia vifaranga jinsi wazazi wao walivyochanjwa, kisha ukae na daktari wa mifugo anayejua magonjwa ya eneo lenu mpange tarehe pamoja.

Mareksi huchanjwa siku ya kwanza, kwa sindano, kule kule vifaranga wanakototoleshwa. Kazi yako ni kudai uthibitisho kwamba imefanyika, hasa kwa kuku wa mayai watakaoishi muda mrefu. Ndui hudungwa kwenye utando wa bawa kwa sindano ya ncha mbili, na uzuri wake ni kwamba hujionyesha. Siku 7 hadi 10 baadaye, kunjua mabawa ya kuku wachache: pale ulipodunga pawe na uvimbe mdogo au kigaga. Pakiwa pakavu kwa wengi, rudia chanjo. Kabla ya kuanza kutaga, yaani wiki ya 16 hadi 18, kuku wa mayai kwa kawaida hupewa chanjo ya mafuta ya kideri kwa sindano, ambayo hujenga kinga ya muda mrefu zaidi juu ya msingi uliowekwa na zile hai.

Kundi linaloumwa lisichanjwe bila idhini ya daktari. Kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujijenga, na mkono unaotoka kwa kuku mgonjwa kwenda kwa mzima hubeba ugonjwa. Kukohoa na kupiga chafya kidogo kwa siku chache baada ya chanjo hai ya kideri ni jambo la kawaida. Vifo na kukataa chakula si kawaida, na mtaalamu aitwe mara moja. Mafua ya ndege yako kando kabisa: nchi nyingi haziruhusu mfugaji kuchanja bila agizo la serikali, kwa kuwa kuku aliyechanjwa huweza kueneza virusi bila kuonyesha dalili. Ufaransa ilipoanza kuwachanja bata mwaka 2023, iliambatanisha kazi hiyo na upimaji wa mara kwa mara.

Nakusihi uandike kila kitu daftarini: jina la chanjo, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, saa ya kuanza na kumaliza, idadi ya kuku na jina la aliyechanja. Kinga ikitiliwa shaka, daktari anaweza kupima damu ya kuku kadhaa wiki 3 hivi baada ya chanjo, na bila daftari hilo hatajua alinganishe majibu na nini. Chanjo iliyobaki baada ya kuchanganywa isihifadhiwe mpaka kesho. Imwage kwenye dawa ya kuua vijidudu, na vichupa vichemshwe au vichomwe kabla ya kutupwa.